Turubai la mbele ya fremu limeniletea wateja kuliko bango. Kinachovuta ni kivuli, rangi au maandishi?

#1 MshonajiKino
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa ya walioshatengeneza.

Nina fremu ya ushonaji Mwananyamala, inatazama magharibi, kwenye barabara ya mtaa yenye bajaji na bodaboda muda wote. Miaka miwili nilikuwa na bango la fleksi juu ya mlango, futi nane kwa tatu: jina, picha ya gauni, namba mbili za simu, na orodha ya kazi kuanzia sare za shule mpaka nguo za sendoff. Na bado mteja alikuwa ananipigia akiwa hatua ishirini kutoka mlangoni. "Dada nipo hapa kwa muuza chipsi, mbona sikuoni?"

Mwezi wa tatu, kabla masika haijachanganya, nikaagiza turubai la kupimiwa. Kijani kilichokoza, upana mita 3, limetoka nje mita 1.2, na pindo jeupe la sentimita 25 linaning'inia mbele, limekatwa mawimbi kama lesi ya gagulo. Kwenye kijani kuna neno moja tu kubwa jeupe, MSHONAJI, na mkasi uliofunguka. Chuma, kitambaa, kuchapa na kufunga: 580,000.

Kila mteja mpya namwandika kwenye daftari na namuuliza katujuaje. Mwezi wa pili walikuja wapya 14, karibu wote wameletwa na mtu. Mwezi wa nne walikuja 37, na 21 kati yao wamesema "nimeona turubai".

Sasa nachukua fremu ya pili Sinza. Pesa ni kidogo, siwezi kurudia kila kitu. Kama kinachovuta ni kivuli, nitaweka turubai la kawaida lisilo na maandishi. Kama ni rangi, nitapaka ukuta. Kama ni maandishi, nitaandika vizuri bango nililonalo. Niweke pesa wapi?

#2 Kisutu_Boy
Hongera dada. Tupia picha.

#3 FundiSkwea
Nachomelea fremu za maturubai mwaka wa kumi na moja huu. Si kivuli, si rangi. Ni kutokeza.

Bango lililolala ukutani linaonwa na aliyesimama mbele yake, na hapo barabarani nani anasimama mbele? Watu wanatembea kufuata ukuta. Anayekuja kwa ubavu, bango la futi nane kwake linakuwa uzi mwembamba. Turubai lako limetoka mita moja na zaidi, lina mashavu mawili ya pembetatu, na kila shavu linamtazama mtu anayekuja. Huyo mteja wako wa kwa muuza chipsi alikuwa haoni bango kwa sababu hiyo. Mimi kila ninayemfanyia kazi namwambia andika kwenye mashavu, lakini wengi wanayaacha matupu, wanajaza mbele.

#4 MshonajiKino
Picha hizo hapo. Ya pili nimepiga nikiwa kwa muuza chipsi.

Fundi, mashavu yangu ni matupu kweli. Kijani tu.

#5 FundiSkwea
Nimeiona ya pili. Shavu tupu na bado linaonekana kuliko maduka yote ya mstari ule. Ungeweka mkasi hapo ingekuwa kazi nyingine.

#6 JuisiYaMiwa
Fundi anavutia upande wa chuma, ndiyo kazi yake. Mimi nasema kivuli.

Nauza juisi ya miwa Temeke. Nilipoanza nilikuwa na mashine na meza, jua linanichoma. Nikafunga turubai kuukuu la lori, halina hata herufi moja, limepauka halijulikani lilikuwa rangi gani. Kuanzia saa sita watu wanasimama chini yake kungoja gari, na aliyesimama dakika tano mbele ya mashine inayokamua miwa atanunua. Sijawahi kuandika neno JUISI mahali popote. Mtu akishaingia kwenye kivuli chako ameshakuwa mgeni wako, na mgeni huona aibu kuondoka mikono mitupu.

#7 Kisutu_Boy
Mkuu wa juisi, kwako kiu inasaidia. Mtu hawezi kusimama kivulini akapata hamu ya kushona suruali.

#8 MamaSareZaShule
Anaweza, #7. Mimi ni mshonaji pia, Morogoro. Mama akisubiri usafiri na mtoto, macho yake yanatembea kwenye sare zilizotundikwa, anaangalia mishono, anaanza kuuliza bei. Hakuja kwa ajili ya sare, lakini mwezi wa kufungua shule anakumbuka alisimama wapi.

#9 Mwl_Nyaraka
Nakazia hoja ya kivuli kwa mfano wa zamani sana. Kwenye kuta za Pompeii, mji wa Warumi uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, yamekutwa matangazo ya michezo ya uwanjani yaliyopakwa kwa rangi. Baada ya kutaja mapambano, baadhi yanaongeza maneno mawili ya Kilatini, *vela erunt*, yaani maturubai yatakuwepo. Mwandaaji alijua watu watauliza kuhusu jua, akaitangaza ile hema kama sehemu ya burudani yenyewe.

#10 FundiSkwea
Mwalimu asante kwa hilo. Ila naona umenisaidia mimi: walilazimika kuandika ukutani kwamba turubai lipo. Kivuli peke yake hakikuwaita.

#11 Wakala_Mbagala
Mnasahau walioijaribu hii nchi nzima, makampuni ya simu. M-Pesa ilipoanza hapa 2010, mwamvuli wa rangi ya kampuni ulikuwa ndiyo tangazo na ndiyo ofisi. Mtu asiyejua kusoma anajua pa kutolea pesa. Rangi tu. Maandishi yale ya pembeni hakuna anayeyasoma.

#12 Kisutu_Boy
M-Pesa Tanzania ni 2008 mkuu. Kenya walianza Machi 2007. Hiyo 2010 ni Tigo Pesa.

#13 Wakala_Mbagala
Sawa, 2008, nimekubali. Hoja inabaki. Na ushahidi wangu huu hapa: Tigo ilipobadilishwa jina kuwa Yas Novemba 2024, mimi nilibaki na mwamvuli wa buluu uliochoka. Wateja waliendelea kuja wanauliza "hapa Tigo Pesa?" na wanahudumiwa. Jina limekufa, rangi inaendelea kufanya kazi.

#14 MshonajiKino
Lakini nyie mlikuwa maelfu na mwamvuli mmoja, watu wamefundishwa rangi ile kwa miaka. Mimi niko peke yangu. Kijani changu hakuna aliyefundishwa maana yake.

#15 Wakala_Mbagala
Hapo umenibana. Labda kwako rangi inafanya kazi kwa kuwa wa mstari wako wote ni wekundu na buluu. Kwenye picha ya pili nimehesabu, kijani ni wewe na mwembe.

#16 Mchapaji_Kkoo
Dada, kabla hujafikia Sinza nina swali moja la msingi. Hicho kijani kimo ndani ya kitambaa au kimechapwa juu?

Sababu ya kuuliza: mashine zetu zinatengeneza rangi zote kwa wino wa aina nne: buluu, waridi, njano na nyeusi. Jua linakula waridi na njano kwanza. Tazama zile picha za mitindo ya nywele kwenye saluni za kiume zilizokaa nje mwaka mzima: nyuso zote za buluu. Wino ni ule ule, waliobaki ni buluu na nyeusi tu. Kijani cha kuchapwa ni buluu na njano. Njano ikiondoka, mwakani turubai lako litakuwa la buluu na utachanganyika na majirani.

Kitambaa ambacho rangi imetiwa kwenye nyuzi kabla hakijafumwa ni kitu kingine. Ni kama kitenge cha nta halisi na kile cha kuchapwa upande mmoja, wewe mshonaji unanielewa. Angalia kwenye mkunjo. Kikichubuka cheupe, kimechapwa.

#17 MshonajiKino
Nimepanda kwenye stuli sasa hivi. Kwenye kona ya kushoto, pale kitambaa kilipokunjiwa kwenye bomba, kuna mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushikizia. Na nimelinganisha sehemu ya juu inayopigwa na jua na ile ya chini ya pindo iliyojificha. Zimeshaachana. Ya chini ni kijani cha mchicha, ya juu inaelekea buluu. Miezi mitatu tu.

Nilimwambia aliyenitengenezea nataka turubai zito. Kumbe ni fleksi ya bango imechapwa kijani, herufi zikaachwa nyeupe ya kitambaa. Nimeumia.

#18 FundiSkwea
Pole. Kwa mnaosoma, tofauti ni hizi. Fleksi ni ya bango la kunyooshwa ukutani. Ukiivuta kwenye fremu yenye kona, inachanika pale pale kwenye kona. Turubai la PVC, lile la kufunikia malori, lina nyuzi za polista katikati na plastiki pande zote mbili. Linakaa miaka kama limevutwa vizuri. Kuna na kile kitambaa cha akriliki kinachoagizwa, rangi imo ndani ya nyuzi, kizuri sana, ila bei yake jiandae.

Kwa mtu wa mfuko mdogo mimi nashauri hivi: nunua PVC ya kijani kiwandani ilivyotoka, halafu maandishi yakatwe kwa stika nyeupe za nje au yapakwe kwa mkono na msanii. Herufi zikichoka unabadilisha herufi, turubai linabaki.

Na chuma: kwa hewa ya chumvi ya Dar usikubali skwea paipu iliyopakwa rangi juu juu. Kila ulipochomelewa papigwe rangi ya kuzuia kutu kwanza. Ncha za bomba zizibwe, maji yakiingia ndani linaoza huku nje linang'aa.

#19 Chipsi_Kuku_Mwanza
Na mteremko! Mimi niliwekewa turubai karibu limelala, fundi akasema hivyo ndivyo linapendeza. Mvua ya kwanza kubwa likashika maji katikati, likatengeneza tumbo. Nikawa nalisukuma kwa fagio kutokea chini, nikaoga. Mvua ya tatu bomba la mbele likapinda, likashuka kwenye kabati la chipsi saa mbili usiku, wateja wamekaa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

#20 FundiSkwea
Pole mkuu. Hesabu yake ni rahisi: kwenye mita moja ya mraba, kila sentimita moja ya maji ni kilo 10. Yakituama sentimita tano umetundika mfuko wa saruji hapo juu ya wateja. Nyuma pawe juu kuliko mbele vya kutosha maji yakimbie, mimi kwa kutoka mita moja sishuki chini ya sentimita 35.

#21 Chipsi_Kuku_Mwanza
Nimeandika. Ila nimalizie habari yangu, maana ni kinyume na ya mleta uzi. Baada ya lile kuanguka nilipata turubai la bure la kampuni ya soda, lina nembo yao kubwa na jina langu dogo kwenye pindo. Zuri, zito, halijavuja hata siku moja. Wateja hawakuongezeka hata kidogo. Mstari wetu tuko sita na wote tumepewa lile lile. Mtu akiambiwa "kwa yule mwenye turubai la soda" anaingia kwa yeyote.

#22 MpimaRamani
Salaam. Nataka kuipima hoja ya kivuli kwa kesi ya mleta uzi, maana amesema fremu inatazama magharibi na turubai limetoka mita 1.2.

Saa 11 jioni jua la Dar limebaki kama nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Mwale unaopita kwenye ukingo wa turubai unashuka sentimita 43 hivi mpaka ukutani. Maana yake kivuli kinaishia hapo juu ya mlango. Mtu aliyesimama chini ya turubai anapigwa na jua usoni na kifuani kama hana kitu juu. Kwa hiyo kama wateja wake wengi ni wa jioni wakitoka kazini, hawakuvutwa na kivuli, kwa sababu hakikuwepo.

Fremu inayotazama kaskazini au kusini, kivuli cha turubai kinafanya kazi karibu siku nzima. Mashariki ni mchana na jioni. Magharibi ni asubuhi mpaka saa nane hivi, basi.

#23 JuisiYaMiwa
Dada wateja wako wanakuja saa ngapi?

#24 MshonajiKino
Wa kupima wengi ni jioni, kweli. Na jioni huwa nashusha kanga kwenye kamba maana jua linaingia mpaka kwenye cherehani, sindano siioni. Ila wa kukaa na kuongea, wakina mama wa sokoni, ni asubuhi. Sijaandika saa kwenye daftari.

#25 MamaSareZaShule
Na wakina mama wa asubuhi ndio wanaowaambia wa jioni. Mpimaji umepima jua, hujapima maneno.

#26 Mpitanjia_TMK
Mimi nasema ni mvua. Kafunga mwezi wa tatu, kaulinganisha mwezi wa pili na wa nne. Mwezi wa nne ni masika yenyewe. Watu walijikinga.

#27 Sheria_na_Mtaa
Jamani wote mnazungumzia kuvuta wateja, hakuna aliyemuuliza kama ana kibali. Turubai lenye maandishi ni tangazo, na tangazo linalipiwa. Nenda TRA ukalipie kabla hujajenga la Sinza.

#28 Afisa_Mstaafu
Marekebisho, #27. TRA walipewa kukusanya ada za mabango 2017, lakini mwaka wa fedha 2021/22 zikarudishwa TAMISEMI, yaani kwenye halmashauri. Anaanzia manispaa. Na manispaa yenyewe aangalie: Mwananyamala ni Kinondoni, Sinza siku hizi ni Ubungo. Wengi wanakwenda ofisi siyo, wanapoteza siku.

Kingine ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA na zina vipimo vyake. Ukuta wa fremu unaweza kuwa halali kabisa na turubai likawa limetokeza ndani ya hifadhi. Mita 1.2 ni nyingi kwa mtaa mwembamba. Aulize kwa mtendaji kwanza.

#29 Sheria_na_Mtaa
Asante mzee, sikujua ilirudishwa.

#30 Machinga_Mstaafu
Hilo la kutokeza linaniuma mpaka leo. Oktoba 2021 wakati wa kupanga upya wamachinga, mimi nilikuwa na fremu halali, na mkataba. Lakini nguzo mbili za turubai langu zilikuwa zimesimama upande wa pili wa mtaro. Zilikatwa asubuhi moja pamoja na vibanda vyote. Turubai lenyewe nililiokota limekunjwa kwenye matope, namba yangu ya simu inasomeka nusu.

Tangu hapo naweka la kukunja, la mkono wa kuzungusha, halina nguzo. Asubuhi nafungua, jioni nakunja. Ni ghali zaidi lakini usiku haliko nje, jua la Jumapili haliligusi, na upepo wa kusi ukivuma nalirudisha.

#31 FundiSkwea
La kukunja ni zuri, ila likikunjwa tangazo lako limelala. Ndiyo maana napenda la kudumu.

#32 Machinga_Mstaafu
Likifunguliwa kila asubuhi, fundi, mtaa mzima unajua nimefungua. Hilo nalo ni tangazo.

#33 Mzawa_Malindi_Unguja
Wenzangu, kwetu Unguja hicho kitu ni kipenu, na ule ukingo wa paa ni upenu. Neno tunalo, mnaita turubai kwa sababu mnataja kitambaa.

Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000 na Mamlaka yake haikubali mtu atundike apendavyo. Vichochoro vyenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, mita 1.2 ungeingia nyumba ya jirani. Duka la huko linajitangaza kwa mlango: kanga zinatundikwa kwenye mbao za mlango asubuhi, na baraza la jiwe linakaa watu. Mtu akiona baraza lina watu anajua hapo pana jambo. Mimi naona kinachowaleta wateja kwa dada ni wale wakina mama wa asubuhi wanaokaa. Kipenu kimewapa pa kukaa, wao ndio tangazo.

#34 Mswahili_NY
Niwape ya huku New York, maana turubai huku ni kesi kubwa. Kanuni za jiji zinasema kwenye turubai la duka unaandika jina na anwani, herufi zisizidi inchi 12, yaani sentimita 30. Lakini kwa miaka wenye maduka wadogo, wengi wahamiaji, waliandika kila kitu: matunda, maua, kadi za simu, tunatuma pesa. 2003 ukapita msako wa faini, Queens wakalia sana. 2018 ukarudi, Brooklyn hasa, watu wanapiga malalamiko kwa namba 311, na wenye maduka wakaanza kung'oa mabango yao wenyewe kwa hofu. 2019 baraza la jiji likapitisha sheria ya kusitisha faini hizo kwa muda.

Duka ninalonunua unga, mwenyewe alikata maneno yote, likabaki jina. Bado kila mtu analiita kwa turubai, "lile jekundu la kona". Jina hatulijui mpaka leo.

#35 Wakala_Mbagala
Rangi! Asante ndugu wa New York.

#36 Mkaaji_Likoni
Msifurahie rangi haraka. Sisi Mombasa 2018 kaunti ilitoa amri majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, hilo sikatai. Lakini duka langu watu walilijua kwa manjano ya ukuta, na manjano yakaondoka. Tulichobaki nacho ni maandishi, na hapo ndipo nilipogundua herufi zangu ni ndogo mno, nilizijaza kama barua.

#37 Mchapaji_Kkoo
Kwenye herufi kuna kipimo tunachotumia: inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi kumi za umbali. Ukitaka mtu asome vizuri akiwa futi 80, herufi iwe inchi 8. Dada kwenye picha MSHONAJI ni kama inchi 9 au 10, inasomeka vizuri kutoka ng'ambo ya barabara. Lile bango lake la zamani lilikuwa na orodha ya kazi kwa herufi za inchi moja na nusu. Hiyo inasomeka kutoka futi 15, yaani mtu ameshafika mlangoni. Namba za simu vile vile.

#38 Kisutu_Boy
Namba ya simu usiitoe lakini. Watu wanapiga picha wanakutumia WhatsApp usiku.

#39 Mchapaji_Kkoo
Iende kwenye pindo, kwa wanaosimama mlangoni. Juu ya mteremko libaki neno moja.

#40 MpimaRamani
Kuna njia ya kujua. Dada afunike MSHONAJI kwa kitambaa cha kijani wiki mbili, rangi na kivuli vibaki. Kisha ahesabu.

#41 MshonajiKino
Nimerudi, samahani nilipotea. Nilifanya kama #40 alivyosema. Nilishona kipande cha kijani nikakifunga juu ya neno, nikaacha mkasi, wiki mbili kamili. Wapya walikuwa 19. Wiki mbili za kabla walikuwa 16.

#42 Wakala_Mbagala
Maandishi hayana kazi. Tumemaliza.

#43 MamaSareZaShule
Hamjamaliza. Ni wiki mbili zipi?

#44 MshonajiKino
Mwisho wa mwezi wa sita na mwanzo wa saba.

#45 MamaSareZaShule
Nilijua. Muhula wa pili unafunguliwa mwezi wa saba, ni msimu wa sare. Hata ungefunika duka zima wangekuja. Wangapi walikuja kwa sare?

#46 MshonajiKino
Kumi na moja.

#47 FundiSkwea
Na mkasi ulibaki. Mkasi ni maandishi kwa asiyesoma.

#48 Bodaboda_Kijitonyama
Nimesoma uzi wote nikiwa kijiweni. Mnamuuliza mteja katujuaje, na yeye anataja alichokiona mwisho. Mimi napeleka watu kila siku. Hakuna abiria anayenitajia jina la duka wala namba ya nyumba, ingawa vibao vya anwani vya 2022 vimebandikwa kila ukuta. Wanasema "nishushe pale kwenye mwembe", "pale kwenye turubai". Turubai ni kituo. Dada amuulize mteja ametokea upande gani na alielekezwa vipi, siyo katujuaje.

#49 MpimaRamani
Hili ni swali zuri kuliko langu. Akitokea upande wa kwa muuza chipsi ameona shavu, akitokea ng'ambo ameona mbele.

#50 MshonajiKino
Asanteni sana wote. Nimeamua hivi: Sinza naweka PVC ya kijani ya kiwandani, mteremko wa sentimita 40, kutoka mita 0.9 baada ya kuongea na mtendaji. Mashavu yote mawili yana mkasi mkubwa mweupe wa stika, mbele neno moja, namba ya simu kwenye pindo. Fundi nimekufuata faragha. Hili la Mwananyamala naliacha mpaka libadilike buluu kabisa, nione wateja watasemaje.

Daftari nimelipiga mistari upya leo: saa, ametokea kwa muuza chipsi, ametokea msikitini, ametokea ng'ambo. Wa kwanza amekuja saa tatu asubuhi, mama ameshushwa na bajaji mlangoni kabisa. Nimemuuliza ametokea upande gani, akasema hajui, alimwambia dereva ampeleke kwa fundi mwenye turubai la kijani akafikishwa. Nimeongeza safu ya tano.